Gesi au mafuta? Kuchagua upasuaji wa retina iliyobanduka vibaya

"Sista, gesi na mafuta mimi navijua vya jikoni."

Ndivyo alivyonijibu mzee mmoja wa Tukuyu nilipomuuliza kama ameelewa alichoambiwa na daktari, kwamba jicho lake litajazwa gesi au mafuta ya kuibana retina iliyobanduka. Tulicheka wote wawili, ingawa jicho lake la kulia wakati ule halikuweza hata kuhesabu vidole. Lilitambua tu kwamba kuna mkono unapungwa mbele ya uso. Lilikuwa hivyo kwa wiki tano. Siku ya kwanza aliona kivuli kinashuka kutoka juu, kama pazia linaloachiwa taratibu. Akaenda mahali akapewa matone ya macho, akarudi kwenye migomba yake kungoja dawa ifanye kazi.

Mimi ni nesi wa macho. Sishiki kisu. Kazi yangu ni kubaki na mgonjwa daktari akishaondoka, na hapo ndipo maswali huanza: nilale vipi, nipande basi lini, mbona naona mstari unacheza, haya mafuta yatatolewa lini. Ulinganisho huu nimeuandika kutoka upande huo. Daktari wa retina atakueleza kipi kitashika. Mimi nataka uangalie pia utaishije na kitu hicho ndani ya jicho, kwa sababu retina ikibanduka vibaya, mara nyingi gesi ya muda mrefu na mafuta hushika karibu sawa, na kinachoamua ni wewe: unakaa wapi, unaweza kulala vipi, na utarudi hospitali au hutarudi.

"Vibaya" maana yake nini

Retina ni utando wenye unene wa robo milimita hivi, umetandazwa nyuma ya jicho kama plasta ya ukuta. Ndiyo inayopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Mbele yake kuna ute mzito, karibu mililita nne, pungufu ya kijiko cha chai. Umri ukienda, ute huo huwa majimaji na kujivuta kutoka kwenye retina. Ukivuta mahali palipo dhaifu, retina inachanika. Maji yanapenya tunduni, yanaingia nyuma ya utando na kuubandua, kama mvua inavyopita kwenye ufa ikaangusha plasta.

Huko ni kubanduka kwa kawaida. Kukitibiwa mapema, takribani macho tisa kwa kumi hutulia kwa upasuaji mmoja. Jicho gumu ni jingine. Tundu lililochanika robo nzima ya mzunguko wa jicho au zaidi, hadi retina inajikunja kama ncha ya mkeka. Jicho lililopigwa kwa fimbo au kuchomwa na waya. Retina inayovutwa na nyuzi zinazoota kwa sababu ya kisukari. Na gumu kuliko yote, lenye makovu.

Makovu hayo ndiyo yanayoandikwa PVR kwenye faili. Seli zilizotoka kupitia tundu hujishikiza juu na chini ya retina, zinajenga utando, kisha utando unasinyaa ukiikunja retina pamoja nao. Retina inabaki ngumu, yenye makunyanzi kama shuka lililokamuliwa likaanikwa bila kukung'utwa. Huwapata waliochelewa, na huwapata pia watu watano hadi kumi katika kila mia waliokwisha kupasuliwa vizuri, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 12. Ukimsikia mtu anasema "walinifanyia vizuri, ikarudi," kwa kawaida anasimulia makovu haya, si kosa la mshono.

Mzee wetu alikuwa nayo, tena upande wa chini wa retina. Kumbuka hilo la chini, litarudi.

Mkanda wa nje na kuondoa ute

Hapa nitapita haraka. Mpaka miaka ya 1920, Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alipoonyesha kwamba siri yote ni kuziba tundu, waliobanduka retina walilazwa kitandani majuma kwa majuma na karibu wote wakapofuka. Katikati ya karne ukaja mkanda wa silikoni unaoshonwa nje ya jicho, chini ya misuli, ili ukuta ubonyee ndani uifuate retina. Mwaka 1970, kule Miami, Robert Machemer akaanza kuingia ndani kabisa na kuunyonya ule ute kwa kichombo chembamba kinachokata na kuvuta kwa wakati mmoja. Inasemekana alikijaribu kwanza kwenye ute wa yai la kuku, na ukiwahi kujaribu kutenganisha ute wa yai unaelewa kwa nini. Huo ndio upasuaji wa vitrektomi. Siku hizi hupitia vitundu vitatu vyenye upana wa nusu milimita hivi.

Kijana mwenye lenzi yake ya kuzaliwa na tundu moja, mkanda peke yake bado ni chaguo zuri, na sipendi unavyoonekana kama kitu cha kizamani. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wenye lenzi yao ya asili waliona vizuri zaidi kwa mkanda, ilhali kwa wale waliokwisha kuwekewa lenzi ya bandia vitrektomi ndiyo iliyoshika retina mara nyingi zaidi. Mkanda una gharama yake: hurefusha jicho kidogo, kwa hiyo namba ya miwani inabadilika, na wachache huona vitu viwili viwili. Vitrektomi nayo huleta mtoto wa jicho. Ukiwa na zaidi ya miaka 50, hesabu kwamba ndani ya miaka miwili huenda ukarudi kutolewa.

Kwa jicho lenye makovu mjadala huo unaisha kabla haujaanza. Mkanda haumenyi makovu. Lazima daktari aingie, ashike ule utando kwa koleo ndogo na kuumenya kama ngozi ya kitunguu. Retina ikiwa imesinyaa hadi haifiki ukutani, anaikata ukingoni ili ilegee. Tundu kubwa lililojikunja humwagiwa kimiminika kizito kuliko maji, kikatua chini na kuikunjua retina taratibu, kisha kinatolewa. Mkanda unaweza kuongezwa kama msaada wa sehemu ya chini, lakini hauwi tena mwenye kazi.

Baada ya hapo matundu huzungushiwa leza. Leza ni gundi, ila ni gundi inayohitaji siku kumi hadi kumi na nne kushika sawasawa. Fundi viatu akishapaka gundi hakuachii uondoke na kiatu; anakifunga kamba, anaweka jiwe juu. Gesi au mafuta ndiyo hilo jiwe.

Gesi na mafuta, bega kwa bega

Nguvu kwanza. Gesi za macho zinazotumika sana ni mbili, na utaziona kwenye karatasi zimeandikwa SF6 na C3F8. Ya kwanza hukaa wiki mbili hivi, ya pili wiki sita hadi nane. Zote huchanganywa na hewa, hunyonywa na damu taratibu, na jicho hujaza nafasi yake kwa maji yake lenyewe. Mafuta ni silikoni iliyosafishwa. Hayanyonywi. Yatakaa pale mpaka mtu ayatoe.

Gesi huelea kwa nguvu kuliko mafuta na huziba tundu vizuri zaidi pale inapoligusa. Mafuta yanasukuma kidogo lakini hayapungui siku hadi siku. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1992 uliwalinganisha wagonjwa wenye makovu haya haya. Mafuta yaliishinda SF6 waziwazi. Yalipolinganishwa na C3F8, retina kushika na uwezo wa kuona vilikaribiana sana. Tofauti iliyobaki ni kwamba macho ya gesi yalilegea zaidi, yaani presha ya ndani ilishuka mno. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa ujumla kwamba mafuta ni bora au gesi ni bora, muulize gesi ipi. Kwa jicho gumu SF6 inaisha mapema mno. Uchaguzi wa kweli ni C3F8 au mafuta.

Vyote viwili vina udhaifu mmoja: vinaelea. Vinabana sehemu ya juu, na sehemu ya chini inabaki inaogelea kwenye maji yale yale yenye seli za makovu. Ndiyo maana retina nyingi hurudi kubanduka chini. Yako mafuta mazito yanayozama, lakini yalipopimwa na ya kawaida hayakuonyesha ushindi wowote, kwa hiyo usiyahangaikie sana kama hospitali yako haina.

Sasa kulala. Hapa ndipo watu huchoka, na hapa ndipo mimi na wagonjwa wangu tunagombana. Kwa kuwa kiputo kinaelea, ili kigandamize nyuma ya jicho uso lazima uangalie chini. Siku tano, saba, wengine kumi, usiku na mchana, na mapumziko machache kila saa. Wodini tunakunja kanga kuwa ngata, kama ya mama aendaye kisimani, tunaiweka kitandani, mgonjwa anaegemeza paji la uso na pua inabaki tunduni inapumua. Ngata moja huuma baada ya nusu saa, kwa hiyo tunazungusha mbili, moja ya paji na moja ya kifua. Chai anakunywa kwa mrija. Simu inalazwa sakafuni. Mgeni akija, anachuchumaa chini kusalimia, na mkwe asiyejua anaweza kudhani mzee amekasirika.

Je, kazi hiyo ina maana? Utafiti uliofanyika London na kutolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa waliobanduka hadi katikati ya retina, kulala kifudifudi saa 24 za kwanza kulipunguza retina kuteleza na kupunguza kuona vitu viwili, ukilinganisha na kulalia upande wa tundu. Hizo saa 24 sizichezei. Siku zinazofuata hutegemea tundu liko wapi, na daktari wako ndiye atakayesema ulalie ubavu gani.

Mafuta yanasamehe zaidi. Nayo yanataka uangalie chini siku za mwanzo, na kulala chali ni marufuku yasije yakaja mbele kwenye lenzi na kioo cha jicho, lakini mtu akisinzia vibaya usiku mmoja hajaharibu kila kitu, kwa kuwa yamelijaza jicho na hayaishi. Mtoto wa miaka sita hawezi kulala kifudifudi wiki nzima. Mzee mwenye mgongo uliopinda hawezi. Mtu anayesahau alichoambiwa asubuhi hawezi. Hao nawapeleka upande wa mafuta bila kusitasita.

Kuona nako ni tofauti. Mwenye gesi, siku za kwanza, haoni kitu ila mwanga na kivuli. Kisha unatokea mstari, kama usawa wa maji kwenye glasi, unaotikisika akitembea: juu ya mstari anaona, chini yake ukungu. Kila siku mstari unashuka, mwisho kinabaki kiduara cheusi chini kabisa, kinachotetemeka kama kiputo cha pimamaji ya fundi ujenzi, halafu siku moja hakipo. Nawaambia mapema, maana wengine wamenipigia simu usiku wakilia kwamba jicho limepasuka. Mwenye mafuta anaona kitu tangu siku ya pili, hafifu, kama aliye chini ya maji, na akiwa na lenzi yake mwenyewe anahitaji miwani ya namba ya juu, +5 au +6, ambayo haitafaa tena mafuta yakitoka. Usimnunulie ya fremu ghali.

Kama jicho linalopasuliwa ndilo pekee linaloona, hoja hii inazidi nyingine zote. Wiki kadhaa za giza na ukungu kwa mtu anayeishi peke yake ni wiki kadhaa za kushikwa mkono kwenda chooni.

Milima, ndege na boti

Jambo hili huelezwa kwa sentensi moja, "usipande ndege," na haitoshi kwa nchi zetu.

Gesi hutanuka ukipanda juu, kwa sababu hewa ya nje inapungua uzito. Jicho ni duara lililofungwa. Kiputo kikitanuka presha inapanda, na ikipanda vya kutosha damu haiingii tena kwenye retina. Jicho linaweza kupofuka kwa safari moja. Ndani ya ndege iliyo angani, hewa hufanana na ya mahali penye mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hilo watu wanalikubali. Wasilolifikiria ni kwamba Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, na Nairobi vivyo hivyo.

Aliyewekewa gesi Dar es Salaam akapanda basi la Mbeya, kiputo chake kitavimba kwa moja ya tano au zaidi, na mlima Kitonga utampandisha kwa muda mfupi bila jicho kupata nafasi ya kuzoea. Aliyewekewa gesi Mombasa akapanda treni ya Nairobi yuko hivyo hivyo. Aliyepasuliwa Moshi akarudi vijiji vya juu vya Kilimanjaro anapanda mita mia kadhaa, na madaktari hutofautiana kuhusu kipimo kilicho salama, kwa hiyo mtaje kijiji chako kwa jina, usiseme tu "narudi nyumbani." Anayepasuliwa Nairobi na kukaa Nairobi hana shida, kiputo kilitengenezwa huko huko juu. Anayeshuka kwenda pwani jicho hulegea kidogo, hatari yake ni ndogo zaidi. Mzanzibari aliyetibiwa Dar arudi kwa boti. Ndege hapana, hata ile ya dakika ishirini.

Mafuta hayatanuki. Panda utakapo.

Hapo ndipo hesabu ya India inapoingia. Wengi wa Afrika Mashariki bado huenda Chennai, Madurai au Hyderabad kwa upasuaji huu, ingawa Moshi, Dar, Nairobi na Kikuyu nako unafanyika. Ukiwekewa C3F8 Chennai, hupandi ndege mpaka kiputo kiishe chote na daktari athibitishe: kodi ya chumba, chakula, na msindikizaji aliyeacha kazi, kwa wiki sita hadi nane. Ukiwekewa mafuta unaweza kuruka baada ya siku chache. Lakini mafuta lazima yatolewe, na nimeona watu waliorudi na furaha, wakakaa miaka mitatu wakisema jicho haliumi. Kabla hujaondoka nyumbani, tafuta nani atakayeyatoa na omba karatasi inayosema ni mafuta ya aina gani na tarehe yaliyoingia.

Na jambo moja la mwenye gesi, nalisema kwa sauti kubwa: akihitaji upasuaji mwingine wowote, hata wa kujifungua au wa ajali, mtoa usingizi aambiwe kuna gesi jichoni asitumie nitrasi oksidi. Gesi hiyo hukimbilia ndani ya kiputo na kukivimbisha kwa dakika. Hospitali nyingine hufunga bangili mkononi; kama hukupewa, andika kwenye karatasi uiweke kwenye pochi.

Deni la mafuta

Gesi ikienda imekwenda. Mafuta ni mkopo. Kwa kawaida hutolewa kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa upasuaji wa pili wenye gharama ya pili. Yakikaa mno hugawanyika vitone vidogo vidogo, ukiangalia unaona povu jeupe juu ya sehemu yenye rangi; vitone huziba njia za maji, presha ya jicho inapanda; kioo cha mbele kinaweza kuota utando mweupe; na mtoto wa jicho huja karibu kila mara. Mgonjwa haoni dalili mpaka muda umeshapita, ndiyo maana tunapima presha hata kama anasema yuko salama.

Kuyatoa nako si bila hatari. Baadhi ya retina hubanduka tena siku jiwe linapoondolewa, na wachache hupoteza uoni bila sababu inayoeleweka vizuri. Kuna macho ambayo daktari huamua mafuta yabaki maisha yote: jicho lililolegea litakalonywea yakitoka, au jicho la mwisho ambalo hakuna anayetaka kulichezea. Huo ni uamuzi, na uwe umeandikwa. Mafuta yaliyobaki kwa kusahauliwa si uamuzi.

Utaona kiasi gani

Wagonjwa huuliza hili mwisho, nami ningependa waulize kwanza. Retina kurudi ukutani na mtu kuona ni mambo mawili. Naweza kukuonyesha faili la jicho lililokaa vizuri kabisa, na mwenye jicho anaona vidole tu.

Kinachotangulia vyote ni makula, kile kitovu cha retina tunachosomea na kutambulia sura. Seli zake hulishwa na ukuta ulio nyuma yake; retina ikibanduka hapo zinashinda njaa. Kama makula bado imeshika siku unapofika, upasuaji ni wa leo au kesho na unaweza kubaki na uoni ule ule. Ikishabanduka, waliorudishiwa ndani ya siku tatu hupata zaidi ya waliochelewa, na baada ya wiki moja ngazi inashuka. Kwa hiyo swali "pazia limefika katikati lini?" lina uzito kuliko "hospitali gani ina mashine mpya." Jibu mtu akupe kwa tarehe. Mzee wetu alikumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya gulio, aliposhindwa kutofautisha noti.

Linalofuata ni uoni aliofika nao. Mtu aliyekuja anahesabu vidole ana akiba kuliko aliyekuja anaona mwanga tu. Kisha makovu yenyewe: yameenea kiasi gani, yako mbele au nyuma, retina imekatwa au haikukatwa. Jicho lililolegea kabla ya upasuaji, lenye damu ndani, au lililochomwa na kitu, huota makovu kwa kasi zaidi. Watoto nao huota kwa kasi na huja wamechelewa, kwa sababu mtoto haonyeshi jicho moja lililokufa. Na kila upasuaji wa kurudia hupunguza kitu, hata ukifaulu.

Kwa mwenye kisukari mambo hayako hivyo hivyo. Kule retina inavutwa, mara nyingi haina tundu. Daktari anaweza kudunga sindano ya kukausha mishipa siku chache kabla, na kinachoamua ni kama damu bado inafika kwenye makula, pamoja na sukari, presha na figo zake. Usimlinganishe na jirani yako.

Uoni unaendelea kupanda polepole, hata mpaka mwaka mzima. Wengi hubaki na mistari iliyopinda: fremu ya mlango ina tumbo, herufi zimebanana. Miwani hainyooshi hilo. Dawa za majani hazinyooshi, na zimeniletea kidonda cha kioo juu ya retina iliyokuwa imetulia. Maumivu makali, kichefuchefu na jicho jekundu baada ya gesi ni presha ya jicho iliyopanda; hiyo haingoji asubuhi.

Ningechagua nini

Ningekuwa mtu wa miaka arobaini, nina jicho jingine zima, nakaa Dar au Tanga, makovu ni machache na tundu liko juu, na kazini watanipa likizo: C3F8, nilale kifudifudi, nimalize kwa upasuaji mmoja. Naona wengi wanaokimbilia mafuta kwa kuogopa ngata wangeweza kuivumilia.

Ningekuwa na jicho moja tu, au naishi milimani, au ni upasuaji wa tatu, au tundu ni kubwa na makovu yamejaa chini, ningechukua mafuta, na siku hiyo hiyo ningeomba tarehe ya kuyatoa. Nisiyeweza kurudi ndani ya miezi sita, kwa nauli au kwa sababu ya jeshi, bahari au mgodi, ningemwambia daktari kabla ya kulazwa. Hilo linabadilisha jibu, na hatalijua kama hulitaji.

Mzee wa Tukuyu alichukua mafuta. Alimenywa makovu, akakatwa retina sehemu ya chini, akalala kwenye ngata siku nne akilalamika kwamba hajawahi kubeba mzigo kwa upande wa mbele. Akapanda basi, akapita Kitonga na Mbeya salama. Mwezi wa tano alirudi, mafuta yakatoka, retina ikabaki. Kwa jicho hilo sasa anahesabu vidole toka upande wa pili wa chumba, na anasema mlango wa kliniki yetu umepinda.

Siku ile ya kwanza, kabla ya kupanga chochote, daktari alimpanua mboni ya jicho la kushoto, zima, ambalo mzee hakutaka liguswe kwa kuwa haliumwi. Lilikuwa na tundu dogo juu, karibu na ukingo, bila maji nyuma yake. Lilipigwa leza akiwa amekaa kwenye kiti, pungufu ya nusu saa, na jioni ile alitembea mwenyewe kurudi wodini.